Mwaka Tuliomtafutia Paskali Mkalimani

Mchungaji alisoma wasifu wa Yosia kwa sauti ya taratibu, na alipofika kwenye ujana wake akasema, "Kisha marehemu alifanya kazi Korogwe kwa mwaka mmoja, baadaye akaenda masomoni." Basi. Akahamia kwenye ndoa na watoto. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai pamoja na kina mama, upepo wa nyanda za Handeni ukitupiga vumbi usoni, na nusura nisimame nimkatize. Mwaka mmoja! Hawakujua waliokuwa pale kwamba ndani ya sentensi ile mlikuwa na chumba chenye feni mbovu, ubishi uliodumu msimu mzima, na siku moja ya furaha ambayo mimi, bibi mwenye wajukuu, sijapata nyingine ya kuifananisha nayo. Baada ya maziko mjane wake, Nasieku, alinishika mkono akanivuta pembeni. "Dada Mwanahamisi," akasema, "mwaka ule wa Korogwe mlifanya nini hasa? Kila alipoanza kunisimulia aliishia kucheka, akashindwa kumaliza." Nikamjibu ukweli mtupu: "Tulikuwa tunatafuta mkalimani." Akanitazama kwa macho yaliyochoka kulia. "Mkalimani wa nani?" Nikaona jibu la pale makaburini halitatosha.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Ujamaa, sukari ikiwa ya kupanga foleni na nguo tukizifua kwa majani ya mpapai. Mimi na Yosia tulikuwa tumetoka kidato cha sita, yeye kutoka kwa wafugaji wa nyandani, mimi kutoka Kwedizinga, wote wawili tukisifika kwa hesabu, na tukachukuliwa kujifunza kazi katika ofisi ndogo ya mradi wa maji ya vijiji. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani ng'ambo ya reli. Treni ilipopita, vikombe vilicheza juu ya meza, na mkuu wetu, mhandisi Mgonja, Mpare mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinyamaza katikati ya neno mpaka behewa la mwisho lipite, kisha akaendelea na neno lilelile. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa chetu. Dirisha lake lilitundikwa pazia la kitenge kuzuia vumbi, feni ilizunguka ikilia kama kinda la njiwa, na mezani, chini ya shuka jeupe kama bibi harusi, ilikaa kompyuta. Tuliambiwa ni ya kubebeka, maana yake watu wawili wenye afya waliweza kuihamisha bila kuumia mgongo. Kioo chake kilikuwa kidogo kama sahani ya chai, na maandishi yake yalikuwa ya kijani. Asubuhi ya kwanza nilipoandika jina langu nikaliona linang'aa pale, nilitoka nje nikaruka ruka uani, na mpishi wa ofisi akadhani nimeumwa na nge.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu iliyoandikwa na mtaalamu wa kigeni aliyekwisha rudi kwao. Ilikuwa programu ya mabomba: unaipa kimo cha tangi, urefu wa bomba na upana wake, nayo inakuambia kama maji yatafika kijijini na yatatoka kwa nguvu gani. Iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Paskali. Jina hilo lilitupa taabu tangu mwanzo, kwani kila aliyetusikia tukizungumza alidhani Paskali ni mfanyakazi mwenzetu asiyeonekana kazini. Taabu kubwa zaidi ilikuwa kwamba mashine haikuelewa Paskali moja kwa moja. Ilibidi programu nzima, mwanzo hadi mwisho, ipitishwe kwanza kwenye programu nyingine ya kuitafsiri, ambayo sisi tuliiita Mfasiri, ndipo mashine iweze kuitumia. Mfasiri alikuwa kama mtu anayepewa kitabu akajifungia chumbani: hatoi neno mpaka amalize chote. Tulitia disketi moja, tukatoa, tukatia nyingine, mashine ikanguruma, sisi tukaenda kunywa chai isiyo na sukari na kurudi, na mara nyingi tulilolikuta ni kwamba nukta moja imesahaulika mahali fulani. Tunarekebisha nukta, tunaanza upya. Umeme ukikatika katikati, na ulikatika mno, tunaanza upya. Kuna wiki tuliyoimaliza bila kujua hata bomba moja la kijiji kimoja, na Mgonja akasema kwa upole uliotuuma kuliko makaripio, "Vijana, watu wanachota maji kwenye lambo pamoja na ng'ombe. Tufanye namna."

Namna ilikuja kwa miguu. Mhadhiri mmoja kutoka Dar es Salaam, rafiki wa Mgonja, alikuwa njiani kwenda likizo Lushoto, akashuka Korogwe kusalimia. Alitukuta tumeinamia mashine kama watu wanaosubiri mgonjwa azinduke. Akatusikiliza, kisha akacheka. "Lakini si lazima mtafsiri kitabu kizima," alisema. "Wapo wakalimani wa Paskali. Mkalimani anasoma mstari mmoja, anautekeleza papo hapo, anakwenda wa pili. Ukikosea, anasimama palepale ulipokosea." Yosia akauliza haraka, "Na kasi yake?" Mhadhiri akakiri kwamba mkalimani ni mzito, kwa sababu kila akirudia mstari anautafsiri tena. Mimi sikusikia uzito. Nilisikia neno "palepale" tu. Alikuwa na disketi tatu mkobani, wakalimani watatu tofauti, akatuachia mpaka atakaporudi kutoka likizo. "Chagueni mmoja nitakayewanakilia," akasema. "Lakini chagueni vizuri. Mashine yenu haina nafasi ya wawili."

Basi ukaanza ubishi. Yosia hakutaka mkalimani yeyote. Aliona ni njia ya mkato. Paskali, alisema, ni lugha ya kutafsiriwa nzima, ndivyo ilivyokusudiwa, na asiyeweza kuvumilia hafai kazi hii. Mimi nikamjibu kwamba uvumilivu wa kusubiri nukta ni upumbavu uliovaa tai. Mgonja aliuliza kwa nini tusiachane na Paskali kabisa tukatumia lugha nyepesi iliyokuja na mashine, na hapo, kwa mara ya kwanza wiki ile, mimi na Yosia tukawa upande mmoja: kuandika upya programu yote ya mabomba kungekula miezi, na mvua zingekuja na kupita. Tulibishana ofisini, tukabishana tukivuka reli, tukabishana tukiwa tumeketi mkekani Kilole, kwenye nyumba ya Mama Salehe nilikopanga, ambako Yosia alikuja kula jioni kwa kuwa pale alipokuwa amepanga hapakuwa na wa kumpikia. Bado naiona ile sinia: bada, ugali wa muhogo, linafuka moshi, mboga chungu ya mchunga iliyotiwa nazi kidogo, na samaki wa mtoni tuliyekuwa tukimsogezea mgeni. Yosia alikuwa anakula kwa heshima ya mtu aliyelelewa kwa maziwa na nyama, akimung'unya mchunga ule kama dawa, huku akisema, "Mkalimani atatuchelewesha." Nami namjibu mdomo umejaa, "Bila mkalimani hatuanzi hata safari!"

Mama Salehe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, na masikio yake yalikuwa mazima. Kesho yake jioni tulimkuta barazani mzee aliyevaa kanzu safi na koti la suti, kofia imekaa sawasawa, viatu vimepakwa mafuta. "Shikamoo mzee," tukasema. "Marahaba wanangu," akajibu, akajikohoza. "Mimi ni kaka yake mwenye nyumba, Athumani. Dada yangu ameniambia ofisi yenu inahangaika na mkalimani. Mimi nasema Kizigua, Kishambaa, Kipare kidogo, na Kimaasai nilijifunza nikiwa mchungaji wa ng'ombe wa watu. Huyo Bwana Paskali ni wa taifa gani?" Yosia alijaribu kujizuia. Niliona mabega yake yanatetemeka, kisha akaanguka ubavu juu ya mkeka, machozi yakimtoka. Mimi nikamweleza Mzee Athumani kwa adabu yote niliyokuwa nayo kwamba Paskali si mtu, ni lugha ya mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mashine inasema lugha ambayo haiielewi?" akauliza. Yosia aliacha kucheka. Tukatazamana. "Ndiyo, mzee," nikasema, "ndivyo ilivyo hasa." Akasema, "Poleni sana," akanywa chai yake. Yosia akamzungumzisha Kimaasai, naye akajibu kwa ufasaha, wakasahau kabisa kwamba mimi nipo.

Tuliwapima wale wakalimani watatu kama wanavyopimwa makarani: kazi moja, wote waifanye, tuone. Niliandika programu fupi ya tangi moja na bomba moja, ambayo jibu lake tulikwisha lipata kwa mkono. Mkalimani wa kwanza alikuwa mwepesi ajabu. Alijibu kabla sijaondoa kidole, nami nikapiga kelele ya furaha, mpaka Yosia akasoma jibu: sifuri. Tukapekua, tukagundua kwamba hajui desimali. Nusu kwake si kitu, anaikata na kuitupa, na hesabu ya maji yote ni nusu na robo. Wa pili alijua kila kitu, desimali na mapambo yote ya Paskali, lakini yeye mwenyewe alikuwa mnene kiasi kwamba akishaingia kwenye kumbukumbu ya mashine, programu yetu haikupata pa kukaa. Tena alipokutana na kosa alitoa namba tu, "Kosa 37", bila kueleza. Yosia alifurahi. "Umeona?" akasema. Nilikuwa na hasira ya kulia. Wa tatu ndiye tuliyemdharau tangu mwanzo, disketi yake imechanika lebo. Alikuwa mzito, na kulikuwa na sehemu za Paskali asizozijua. Nilipompa programu akaenda, akaenda, akasimama. Akanionyesha mstari wenyewe, akaweka alama chini ya neno lililokosewa. Nikalisahihisha. Akaendelea kutoka pale. Yosia alivuta kiti chake karibu. "Badilisha upana wa bomba," akaninong'oneza, "bila kuanza upya." Nikabadilisha. Jibu likabadilika mbele ya macho yetu. Akabadilisha yeye. Tukabadilishana kiti mpaka mpishi akaja kutuambia chakula kimepoa, na wakati huo Yosia ndiye aliyekuwa hataki kuondoka.

Lakini hakukubali kushindwa, na leo namshukuru kwa hilo. "Tumchukue huyu wa tatu," alisema kesho yake mbele ya Mgonja, "ila kwa sharti. Programu tuiandike kwa yale tu anayoyajua mkalimani na Mfasiri pia. Tufikiri na mkalimani, tukishapata, tumpe Mfasiri atuandikie safi." Mgonja akavua miwani. "Kwa hiyo mlikuwa mnabishana nini muda wote huu?" Tulikuwa vijana, na nadhani tulikuwa tunabishana kwa sababu kulikuwa na kitu hatimaye duniani cha kubishania ambacho hakikuwa unga wala sabuni. Mhadhiri aliporudi kutoka Lushoto akatunakilia yule wa tatu, tukatumia masika yote kuipunguza programu ya mabomba, tukiiondolea kila neno ambalo mkalimani wetu hakulijua.

Mtihani ulikuja Kwedizinga. Mabomba yalikwisha fika stesheni, na wilaya nyingine zilikuwa zinayamezea mate. Kijiji kilichoshindwa kukubaliana njia ya bomba lake kingerudi nyuma ya foleni, na wa Kwedizinga walikuwa wameshindwa mara mbili. Mchoro wa ofisi ulifikisha maji vitongoji vitatu. Cha nne, Kwenkuyu, kilichokaa juu kidogo, kiliachwa. Kwenkuyu ndiko nilikozaliwa. Mgonja, aliyekuwa na kibali cha petroli ya kwenda na kurudi tu, akasema neno ambalo sikulitarajia: "Tuipakie mashine." Tukaifunga kwa magodoro ndani ya Landrova, tukapakia jenereta, na Mzee Athumani akakaa mbele na koti lake la suti, kwani wafugaji nao walialikwa, na wengi wa wazee wao hawakuelewana na Kiswahili. Alikuwa ameajiriwa kwa siku moja kama mkalimani, na njia nzima alinyoosha mgongo kama waziri.

Darasa la shule lilijaa, madirisha yakajaa vichwa. Jenereta likakohoa nje, kioo kikawaka kijani, na watu wakarudi nyuma hatua, kisha wakasogea mbele zaidi ya mwanzo. Kwa kuwa kioo kilikuwa kidogo, tuligawana kazi: mimi kwenye mashine, nasoma majibu kwa sauti, Yosia ubaoni na chaki, Mzee Athumani katikati ya wafugaji. Bi Mwantumu, kiongozi wa kina mama, mwanamke ambaye hata mwenyekiti wa kijiji alimwogopa, akasimama. "Hamisheni tangi," akasema. "Lijengwe Kwenkuyu, juu, maji yateremke kwa wote." Makofi. Mgonja akafungua mdomo kukataa, kisha akanigeukia. "Iulize mashine," akasema. Nikabadilisha mistari miwili. Mkalimani wetu mzito akaenda mstari kwa mstari, na nikasoma: pampu ya kujazia tangi isingeweza kuyapandisha maji mpaka huko, tangi lingebaki kavu. "Mashine hiyo imetumwa!" akafoka Bi Mwantumu. Yosia akamjibu, "Basi iulize jingine, mama." Nikaona uso wa Bi Mwantumu ukibadilika. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumwambia aulize jingine.

Wakauliza. Mungu wangu, waliuliza! Bomba lipite bondeni, lipite kwenye mashamba ya pamba, vioski vya kuchotea maji vipunguzwe, viongezwe. Kila swali nililiandika na kila jibu Yosia akalichora, chaki ikimwagika kwenye suruali yake. Mara moja jenereta lilizima, kioo kikafa, darasa likaguna kwa sauti moja. Tukaliwasha, nikatia disketi, na kabla watu hawajamaliza kulaumiana tulikuwa tumerudi tulipokuwa. Mfasiri angetulaza pale. Kisha Mgonja mwenyewe akatoa wazo: bomba la inchi tatu, ambalo yeye alikuwa amelipanga mwishoni, liwekwe mwanzoni, na lile jembamba lifuate. Nikajaribu. Maji yalifika Kwenkuyu! Machache, lakini yalifika. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga pamoja nao, kazini, mbele ya mkuu wangu. Ndipo Mzee Athumani akasimama na kusema kwamba Mzee Saning'o, mmoja wa wazee wa wafugaji, anauliza: birika la kunyweshea ng'ombe liko wapi kwenye hesabu hiyo? Nikalitia. Kwenkuyu ikarudi sifuri. Kelele zilizofuata sitaziandika. Wakulima walisimama, wafugaji walisimama, fimbo zilishikwa vizuri zaidi, na Mgonja akaanza kukunja mchoro wake. Katikati ya ghasia nilimwona Saning'o akimwambia jambo Mzee Athumani sikioni, naye akapanda juu ya dawati na kanzu yake. "Anasema ng'ombe hawanywi usiku!" akapaza sauti. "Anauliza, hilo birika haliwezi kujazwa watu wakiwa wamelala, asubuhi likakutwa limejaa?" Yosia alinigeukia, chaki mkononi, macho yamemtoka. Kwa haraka nikakosea mstari; mkalimani akasimama, akanionyesha kosa, nikasahihisha. Mchana: birika limefungwa, Kwenkuyu inapata. Usiku: vioski vimefungwa, birika linajaa mpaka kufurika. Nikamwonyesha Yosia jibu kwenye kioo. Yosia akaliandika tu ubaoni. Saning'o, asiyejua kusoma, alimtazama Yosia usoni na akaelewa. "Enkare," akasema taratibu, maji, na Mzee Athumani hakuona haja ya kulifasiri.

Walikubaliana siku ileile. Wiki iliyofuata Yosia alimpa Mfasiri programu yote, akamvumilia kama alivyopenda, na michoro iliyotoka ndiyo iliyofuatwa kufukia mabomba, wanakijiji wakichimba mtaro kwa zamu. Siku ya kufungua maji Kwenkuyu bomba lilianza kwa kupumua hewa, likatema kutu, likanyamaza mpaka tukaogopa, kisha likamwaga. Mgonja alikuwa amekuja na debe na saa ya mkononi ili apime kama mashine ilisema kweli. Debe lilijaa polepole kidogo kuliko hesabu yetu. Yosia akasema kosa ni langu, sikuuhesabu msuguano wa viungio vya bomba. Nikamwambia kosa ni lake, kasoma saa vibaya. Mgonja akatoa kalamu, tukainama wote watatu juu ya kipande cha karatasi, tukibishana kuhusu desimali ya pili, na tulipoinua vichwa ili tupime tena, debe halikuwepo. Bi Mwantumu alikwisha weka kata ya majani kichwani, amelitwika, yuko mbali njiani anakwenda kupika, na maji yanayumba juu yake bila kumwagika.